Magu: Magonjwa yatoka ziwani, somo labaki darasani

MAGU, Mwanza – Kisesa, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, ina nafasi yake katika historia ya utafiti wa tiba barani Afrika. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kupitia kituo chake cha Mwanza, imekuwa ikifuatilia kaya za eneo hilo ili kufahamu mwenendo wa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI. Virusi hivyo, kama sayansi ilivyokwisha kuthibitisha, vilitoka kwa sokwe wa misitu ya Afrika ya Kati na kumwingia binadamu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa maneno mengine, Wilaya ya Magu imeishi kwa miongo mitatu na utafiti wa janga la dunia ambalo chimbuko lake ni mnyama wa porini, ingawa elimu iliyotolewa kwa wananchi, kwa sababu zinazoeleweka, ilijikita zaidi katika mwenendo wa mtu binafsi.

Uhusiano huo kati ya afya ya binadamu na hali ya mazingira yake umerudi kwa nguvu katika mijadala ya Serikali na ya mataifa. UVIKO-19 uliurudisha. Kwa Kanda ya Ziwa, ugonjwa wa Marburg uliuleta karibu zaidi: Machi 2023 ulithibitishwa mkoani Kagera, na Januari 2025 ukajitokeza tena Biharamulo katika mkoa huohuo. Virusi vya Marburg hukaa katika popo wanaokula matunda na kuishi mapangoni. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha Mkataba wa Majanga ya Magonjwa, unaozitaka kuzingatia dhana ya Afya Moja, yaani afya ya binadamu, ya wanyama na ya mazingira kushughulikiwa kwa pamoja. Tanzania ilikwisha kuwa na dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Hata hivyo, mapango ya Kagera yako mbali na mtoto wa Kahangara au Nyanguge. Kwake yeye, somo hilo liko majini.

Kipindupindu ndicho mfano ulio wazi kuliko yote. Janga la saba la kipindupindu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na Tanzania ikaanza kuripoti wagonjwa mwaka 1974. Janga hilo halijaisha hadi leo. Mwaka 1997, ulioishia kwa mvua kubwa za El Niño, nchi iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zikiwa zimerejea, ugonjwa huo uliibuka tena katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Mwanza, Simiyu na Shinyanga.

Kwa muda mrefu wananchi wameelezwa kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa uchafu. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayajakamilika. Bakteria wake huweza kuishi majini bila kumhitaji binadamu, wakijishikiza kwenye viumbe vidogo sana vinavyojilisha kwa mwani. Maji yanapopokea mbolea na udongo wa mashambani, mwani hustawi, na viumbe hivyo huongezeka. Nchini Bangladesh watafiti walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu lililokunjwa mara kadhaa kulipunguza wagonjwa kwa karibu nusu, kwa sababu kitambaa hunasa viumbe vinavyobeba bakteria. Kitambaa hakichukui nafasi ya kuchemsha au kutibu maji, lakini jaribio hilo linaeleza jambo ambalo bango la “nawa mikono” haliwezi kulieleza.

Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke ndani ya Wilaya ya Magu, baada ya kupita katika nchi ya pamba, mpunga na makundi makubwa ya ng'ombe. Kila masika mto huo huleta udongo na rutuba ya mashamba ya mbali. Gugumaji, lililovamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hustawi kwa rutuba ya namna hiyohiyo.

Kichocho nacho hufuata njia ya maji. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji yaliyotulia yenye majani, iwe ni ukingo wa ziwa au lambo la kunyweshea mifugo. Kila inapofika kampeni ya kingatiba, wanafunzi hupimwa urefu, hupata chakula, kisha humeza vidonge vya praziquantel. Dawa hiyo imeokoa maini na vibofu vya watoto wengi, na Serikali inastahili pongezi kwa kuifikisha shuleni bila malipo. Lakini haiui vimelea vichanga, wala haimkingi mtoto anayerudi jioni kuteka maji au kuoga mahali palepale. Kumtibu mtoto na kuuacha ukingo ulivyo ni kukubali kumtibu tena.

Hapo ndipo elimu ya mazingira inapopimwa. Katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi, afya na mazingira vimekuwa vikifundishwa pamoja. Kuanzia Darasa la Tatu vinatengana: magonjwa huenda kwenye Sayansi, ukingo wa mto huenda kwenye Jiografia na Mazingira. Mtoto anaweza kufaulu yote mawili bila kuambiwa kwamba ni habari moja. Siku ya kupanda miti huadhimishwa kwa dhati, lakini mche uliopandwa uwanjani hauwezi kuzuia udongo unaotoka kingo za Simiyu.

Wasukuma wenyewe wana mfano wa elimu iliyofanya kazi. Ngitili, utaratibu wa jadi wa kutenga malisho ili ardhi ipumzike, ulifufuliwa na mradi wa HASHI mkoani Shinyanga kuanzia mwaka 1986, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na uoto. Mradi ulitumia maarifa na mabaraza ambayo wanakijiji walikuwa nayo tayari. Kila mfugaji alijua ngitili ni nini kabla mtaalamu hajafika.

Kwa upande wa ziwa, msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Sheria hiyo hujulikana zaidi kwa bomoabomoa kuliko kwa sababu zake za kiafya, na mkulima wa bustani ya nyanya anayeambiwa aondoke bila kuelezwa atarudi msimu ujao.

Mvua za vuli huanza Kanda ya Ziwa kuanzia Oktoba, shule zikiwa bado katika muhula wa pili. Mwalimu wa Magu hahitaji maabara kwa somo hilo. Anahitaji kamba ya mita 60, chupa mbili za kioo, moja ya maji ya mto kabla ya mvua na nyingine ya baada ya mvua, na uangalizi wa kutosha ili mwanafunzi yeyote asiingie majini.