"Sina Hakika" Si "Sijui"

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani iwapo "sijui" na "sina hakika" si maneno ya maana moja. Nilimjibu kwa mfano. Ukimuuliza kondakta basi litafika Nakuru saa ngapi, naye akakujibu "sijui", hakukupa kitu. Akikwambia, "Sina hakika, lakini ni baina ya saa saba na saa nane," amekupa habari ya kutosha kupanga safari yako. Huyu wa pili amekiri upungufu wa ujuzi wake na papo hapo akauwekea mipaka.

Tofauti hii ndogo iliigharimu Ulaya miaka mingi. Mnamo Oktoba 1967, mtaalamu wa udongo wa Uswidi, Svante Odén, aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba mvua ya kwao ilikuwa ikizidi kuwa na asidi, na kwamba salfa iliyoleta balaa hiyo ilitoka katika dohani za nchi nyingine. Samaki walikuwa wakitoweka katika maziwa ya Skandinavia. Lakini alaumiwe nani? Moshi haubebi kitambulisho.

Hapo ndipo wataalamu wa hesabu walipoitwa. Walikadiria salfa inayotolewa na kila nchi, wakafuata njia za upepo, wakapima ni kiasi gani kinachogeuka salfeti angani, kinachotua kikavu, na kinachoteremshwa na mvua. Modeli ya mpango wa EMEP iliigawa Ulaya katika miraba ya kilomita 150 kila upande. Kila hatua ilikuwa na shaka yake: takwimu za viwanda si kamilifu, na mvua hunyesha bonde hili ikaliruka lile. Matokeo yakapangwa katika majedwali ya nani kampelekea nani kiasi gani, yaliyopewa jina la majedwali ya lawama. Humo mlikuwa hata na fungu la salfa isiyojulikana ilikotoka. Kwangu mimi, fungu hilo ni uungwana wa kitaaluma.

Wengine waliliona kuwa mwanya. Nchi 21 zilipotia sahihi huko Helsinki mwaka 1985 kupunguza salfa kwa asilimia 30 ifikapo 1993, Uingereza ilijitenga, ikidai ushahidi haujatosha. Wanasayansi walisema, "Hatuna hakika ni kiasi gani." Wanasiasa wakasikia, "Hatujui kama ni kweli."

Isitoshe, shaka haina ukubwa mmoja. Kutaja salfa iliyoangukia mraba mmoja siku fulani ni kazi ngumu. Kutaja jumla ya mwaka mzima kwa nchi nzima ni rahisi zaidi, kwa kuwa makosa ya siku moja moja, yanayozidisha na yanayopunguza, hufutana kwa kiasi fulani. Tena shaka hukata pande mbili: madhara yangeweza kuwa madogo kuliko makadirio, na pia yangeweza kuwa makubwa zaidi. Anayeisoma upande mmoja tu hatafuti ukweli, anatafuta likizo.

Siidharau hoja ya gharama. Mitambo ya kusafisha moshi ni ghali. Lakini hiyo ni hoja ya fedha, na ingetolewa kwa jina lake badala ya kuvishwa joho la sayansi.

Mwaka 1994, huko Oslo, Uingereza nayo ilitia sahihi mkataba mpya uliojengwa juu ya modeli hizo hizo, ambazo shaka yake haikuwa imekwisha. Tangu 1990, salfa inayotolewa Ulaya imepungua kwa zaidi ya asilimia 70.

Sisi tunaoishi mbali na maziwa hayo tuna la kujifunza. Wataalamu wetu wa hali ya hewa wanapotutajia "uwezekano" wa mafuriko au ukame, wengi wetu huwacheka kwa kutotoa ahadi. Tusiwacheke. Tuwaulize shaka yao ni ya ukubwa gani, na inaelekea wapi, kisha tuamue.

Wahenga hawakusema mawingu ni mvua; walisema ni dalili yake. Hata hivyo, mkulima mwenye busara hangoji tone la kwanza ndipo aanue mahindi yake.