Uhai wa mtoto huanza kuokolewa nyumbani

Usiku mmoja wa masika nilipokea mtoto wa miaka miwili kutoka Mbagala. Alikuwa na degedege. Midomo yake ilikuwa na damu kwa sababu nyumbani walimtia kijiko katikati ya meno, na nguo zake zilinuka moshi wa dawa aliyofukizwa. Degedege lilianza saa moja jioni, nami nilimpokea saa tano usiku. Nilipouliza saa hizo nne zilikwenda wapi, bibi yake alinijibu kwa upole: “Daktari, tuliambiwa mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa.”

Ilikuwa malaria kali. Tulimtibu, na baada ya siku tisa akarudi kwao akiwa hai, lakini akiburuta mguu mmoja. Sikumlaumu bibi yule. Alifanya alichofundishwa na wakubwa wake kwa mapenzi yote. Nilichojiuliza ni kwamba sisi madaktari tulikuwa wapi siku zote hizo, hadi hakuna aliyemfundisha jambo jingine.

Kila nikijiuliza hivyo humkumbuka Dk Leader Stirling. Vijana wengi hawamjui, ila wazee wa Masasi na Nachingwea wanalifahamu jina hilo. Alizaliwa Uingereza mwaka 1906, akasomea udaktari London, na mwaka 1935 akafika Lulindi, Masasi, akiwa daktari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alikaa hapo miaka 14. Mwaka 1949, akiwa ameingia Kanisa Katoliki, alihamia Mnero, Nachingwea, akafanya kazi miaka mingine 15, kisha akaenda Kibosho, Moshi.

Wakati huo hakukuwa na mtu aliyeitwa bingwa wa tiba ya dharura. Lakini daktari wa upasuaji aliye peke yake kijijini hachagui mgonjwa. Akiletewa mama ambaye uchungu umekwama, ni wake. Akiletewa mzee mwenye ngiri iliyojinyonga, ni wake. Na wengi wa wagonjwa wa namna hiyo hubebwa kutoka mbali, kwa hiyo yaliyotendeka njiani ndiyo huamua kama kisu cha daktari kitafaa kitu.

Nadhani ndiyo maana Stirling hakuishia chumba cha upasuaji. Alifundisha wauguzi. Alilea skauti, hadi akawa Skauti Mkuu wa nchi hii, na skauti, kama mnavyojua, hufundishwa huduma ya kwanza tangu wakiwa watoto. Aliingia Bungeni mwaka 1958, akachukua uraia wetu baada ya uhuru, na kuanzia 1975 hadi 1980 Mwalimu Nyerere alimpa Wizara ya Afya, katika miaka ambayo Serikali ilikuwa ikisambaza zahanati na vituo vya afya vijijini. Alifariki Februari 2003 akiwa na miaka 97. Imani ndiyo iliyomleta, lakini haikumfanya asubiri muujiza. Aliomba na akafanya kazi.

Tumepiga hatua tangu enzi zake. Januari 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, ya kwanza nchini, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Leo wanafundisha wenzao na kuokoa watu ambao zamani tungewapoteza mlangoni.

Hata hivyo, bingwa wa Muhimbili hawezi kufika Chamazi au Bunju usiku wa manane. Atakayekuwapo ni wewe, jirani yako na dereva wa bajaji. Kwa hiyo naomba leo nikufundishe machache, nawe umfundishe mwingine.

Degedege. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo zake. Usitie kijiko, kidole, maji wala dawa kinywani. Angalia saa ili utuambie limechukua muda gani. Kisha mpeleke hospitali hata kama limekoma, kwa kuwa nyuma yake huweza kuwapo malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Na lile la sindano nilijibu wazi: sindano haiui mtoto mwenye degedege. Imani hiyo ilizaliwa kwa sababu watoto wengi waliletwa wakiwa wamechelewa mno, wakafa muda mfupi baada ya kuchomwa, watu wakaona sindano na wasiione ile siku nzima iliyopotea.

Kuungua. Uji, chai na maji ya moto huwaunguza watoto wengi majumbani. Mwagia maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Kama bomba limekauka, tumia ndoo na kopo. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Vinaziba jeraha, vinaweza kuleta maambukizi, na sisi inatubidi tuvisugue mtoto akilia upya.

Mafuta ya taa. Mtoto akiyanywa kwa kudhani ni maji, usimtapishe na usimpe maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo yanapoua. Njoo naye haraka, na ulete chupa yenyewe. Ukifika nyumbani, acha kabisa kuhifadhi mafuta kwenye chupa za soda.

Damu. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunuafunua kuchungulia. Na aliyegongwa na bodaboda apelekwe hospitali kwanza. PF3 ifuatiliwe huku matibabu yakiendelea.

Kwa mtoto yeyote mdogo, dalili hizi hazisubiri asubuhi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, anapumua kwa shida. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata dharura, au mtoto wake mchanga, piga 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, na gari la wagonjwa lisipopatikana hutumwa dereva wa kawaida kutoka katika jamii aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Angalia basi: hata Serikali imeona kwamba dharura haiwezi kuachiwa hospitali peke yake.

Nina ombi kwa viongozi wetu wa Temeke na Kinondoni. Tunajenga majengo ya dharura, na ni jambo jema. Lakini kila shule ya msingi, kila kijiwe cha bodaboda, kila msikiti na kila kanisa lingetenga japo Jumamosi moja kwa mwaka ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu kinafundisha, skauti wapo, na wauguzi wastaafu wamejaa mitaani mwetu wakisubiri kuulizwa. Haihitaji jengo. Inahitaji mkeka, ndoo ya maji na mtu anayejua.

Kwa ndugu zangu waumini, nasema hili nikiwa muumini mwenzenu. Sijawahi kumzuia mtu kumwombea mtoto wake. Ninachoomba ni kwamba maombi yafanyike ndani ya bajaji, wakati inakuja hospitali.

Bibi wa Mbagala bado huja kliniki na mjukuu wake kwa mazoezi ya mguu. Mwezi uliopita aliniambia mtoto wa jirani alipata degedege usiku. Yeye ndiye aliyemlaza ubavu, akamkataza mama wa mtoto kutia kijiko, akaita bajaji. Wakafika hospitali ndani ya nusu saa. Mtoto huyo anatembea kwa miguu yake yote miwili.