Likizo na Mikono ya Mtoto

Shule zikifungwa, nyumba hujaa sauti. Siku ya kwanza mtoto hulala mpaka jua limepanda. Siku ya pili huzurura uani. Siku ya tatu huanza kufungua saa ya ukutani ili aone kilichomo ndani yake. Mama hupaza sauti, baba hutafuta fimbo, na mtoto huambiwa kwamba mikono yake ni mitundu. Lakini mikono hiyo haina utundu. Ina njaa ya kazi, na njaa haiponi kwa fimbo.

Wahenga walinena kwamba udongo uwahiwe ungali maji. Vidole vya mtoto wa miaka sita vinapokunja, kufunga, kukata na kufinyanga, vinajizoeza nguvu na utulivu vitakavyohitaji katika kushika kalamu, sindano, jembe au nyundo. Si lazima mzazi anunue chochote dukani ili kazi hiyo ifanyike. Katika nchi za Maziwa Makuu, ambako mgomba huota karibu na kila mlango, vifaa vingi vimekwisha kuwapo uani, jikoni na katika rundo la magazeti ya zamani.

GUNDI YA MUHOGO

Kazi nyingi za karatasi huanza na gundi, na gundi njema hupikwa nyumbani. Vijiko vikubwa 2 vya unga wa muhogo hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Maji yawe baridi, kwa maana unga ukitiwa katika maji ya moto hushikana madonge yasiyovunjika tena. Kisha sufuria hutelekwa juu ya moto mdogo, na mwiko usipumzike. Weupe wa uji utakapopotea na uji kuwa kama kioo chenye ukungu, gundi imeiva. Huepuliwa, huachwa ipoe, na kufunikwa.

Kazi ya moto ni ya mama au ya dada mkubwa. Mtoto mdogo ataitwa gundi ikisha kupoa. Gundi hii huchacha baada ya siku mbili au tatu, tena mende huipenda mno. Kwa hiyo ni afadhali kupika kidogo mara nyingi kuliko kupika nyingi ikatupwa.

SHANGA ZA KARATASI

Kina mama wengi wa Uganda wamejulikana mbali kwa shanga zao za karatasi. Siri ya shanga hizo ni ndogo, na mtoto wa miaka minane aweza kuijua kwa alasiri moja.

Hutakiwa karatasi ya kalenda iliyopita mwaka, penseli, rula, mkasi usiochongoka, gundi, na njiti ya ufagio. Tuseme karatasi ina upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30. Kwenye ukingo wa juu mtoto atie alama kila baada ya sentimita 2, akianzia pembeni kabisa. Kwenye ukingo wa chini atie alama vilevile, lakini ya kwanza iwe sentimita 1 kutoka pembeni. Kisha aunganishe alama za juu na za chini kwa mistari ya kwenda na kurudi. Akikata, atapata pembetatu ndefu 39, na vipande viwili vya pembeni vitabaki.

Kila pembetatu huzungushwa juu ya njiti kuanzia upande mpana, picha ikitazama nje. Mzunguko ubane, wala usiende upande, ili ncha iishie katikati ya tumbo la shanga. Ncha hupakwa gundi, hubanwa kwa vidole kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kisha njiti huchomolewa taratibu. Shanga 39 zenye urefu wa sentimita 2 kila moja, zikitungwa katika uzi, hufanya mkufu wa sentimita 78, ambao hupita kichwani bila kufunguliwa. Hivyo karatasi moja iliyokuwa inangojea kuwashia moto imekuwa zawadi ya shangazi, na mtoto amefanya hesabu ya kuzidisha bila kujua kwamba yuko darasani.

Neno moja lizingatiwe. Shanga huuzika, na pahala penye dhiki mzazi aweza kushawishika kuwaketisha watoto usiku kucha wakizungusha karatasi kwa ajili ya soko. Mchezo ukigeuzwa kibarua, mtoto hupoteza usingizi, hupoteza masomo, na mwishowe huichukia kazi yenyewe. Mtoto atunge shanga mpaka achoke, kisha aruhusiwe kuondoka.

MPIRA WA MGOMBA

Mgomba huzaa mkungu mmoja, kisha hukatwa. Maganda makavu ya shina lake na majani yaliyonyauka ndiyo yaliyowapa mpira vijana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tangu zamani. Miaka ya baadaye watoto walizoea kujaza mifuko ya plastiki tumboni mwa mpira. Lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Mgomba haukupigwa marufuku.

Majani makavu hufinywa pamoja mpaka yawe tonge gumu la ukubwa wa chungwa. Tonge hilo hufungwa kwa majani mengine mapana, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikazwa kabla ya lingine kuwekwa, hata litoshe kushikwa kwa mikono miwili. Maganda ya shina hupasuliwa kwa urefu, kila kipande kiwe na upana wa kidole; hunyunyiziwa maji kidogo ili yalainike, ndipo husokotwa juu ya paja kuwa kamba.

Kamba ya kwanza huzunguka mpira na kukazwa. Ya pili huikata ya kwanza juu na chini. Ya tatu na ya nne hupita katikati ya hizo, hata mpira uonekane kama chungwa lililomenywa, likionyesha vipande vyake. Hapo ndipo penye ufundi: kamba nyingine hupitishwa kukingama, na kila inapokutana na kamba ya wima huizunguka mara moja ndipo iendelee. Ikifanywa hivyo kutoka juu mpaka chini, mpira wote huvaa wavu. Ncha hufichwa chini ya wavu, na mpira hubiringishwa chini ya unyayo mpaka uwe mviringo.

Wazee wengi wanaijua kazi hii, bali hawaulizwi. Babu aliyeketi kimya barazani, ambaye wajukuu humwamkia tu na kupita, apelekewe fungu la maganda ya mgomba na kuombwa aonyeshe lile fundo. Mama atashangaa kuona vidole vilivyokuwa vikitetemeka juu ya kikombe vikikumbuka njia yao. Siku mzee huyo atakapoondoka duniani, fundo litaondoka naye, isipokuwa limekwisha kuingia katika mikono mingine.

RANGI ZA JIKONI

Rangi ya manjano hupatikana katika bizari ya manjano: kijiko kidogo kimoja hukorogwa katika vijiko vitatu vya maji ya vuguvugu. Nyeusi hutoka katika mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi ya muhogo. Nyekundu ya kahawia ni udongo mwekundu uliochekechwa, nao huchanganywa na gundi vilevile, maana bila gundi rangi hupukutika ikikauka.

Kuna ajabu moja ambayo watoto hawataisahau. Karatasi nyeupe hupakwa bizari na kuachwa ikauke. Kisha mtoto huchovya kijiti katika maji yaliyoyeyushiwa sabuni ya mche, na kuandika juu ya ule umanjano. Maandishi hutokea mekundu. Sababu yake ni kwamba sabuni ina magadi, na rangi ya bizari hubadilika inapokutana nayo. Kipande kingine chenye bizari kikianikwa juani siku kadhaa, hufifia. Hivyo mtoto atajua kwa nini nguo ya manjano haifai kuanikwa juani kwa muda mrefu.

Baada ya rangi huja muhuri. Ukuti wa jani la mgomba ukikatwa kwa kukingama, uso wake una umbo la mwezi mchanga, na ndani yake vyumba vidogo vidogo kama vya sega la nyuki. Ukifutwa maji, ukachovywa katika rangi na kugandamizwa juu ya karatasi, huacha pambo lisilohitaji kuchongwa. Kiazi kilichoanza kuharibika nacho chafaa: mama hukikata katikati kwa kisu, na mtoto huchimba umbo kwa ncha ya kijiko. Akitaka kuchora herufi ya jina lake, ataona jambo la kustaajabisha. Herufi A, M, O na T hutoka sawasawa, lakini B, K na S hutoka zimegeuka. Asielezwe upesi. Aachwe ajaribu tena na tena, mpaka agundue mwenyewe kwamba muhuri husoma kama kioo.

Mtoto mkubwa aliyekwisha kuzoea rangi hizo aweza kuonyeshwa picha ya imigongo, sanaa ya akina mama wa mashariki ya Rwanda, ambao hujenga mistari iliyoinuka kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha huipaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwa rula na kipande cha boksi, mistari yao mikali itampa kazi ya juma zima.

NG'OMBE WA UDONGO

Udongo wa mfinyanzi huchukuliwa bondeni mtu mzima akiwapo, kwa kuwa kingo za mito na mashimo huporomoka. Hutolewa mawe na mizizi, hukandwa kama unga wa chapati, na kuchanganywa na mchanga laini kidogo ili usipasuke. Ng'ombe wa pembe ndefu wa Ankole ndiye kipimo cha fundi mdogo. Miguu iwe minene na mifupi. Pembe zisibandikwe tu. Mahali pa kuungana pakwaruzwe kwa kijiti na kupakwa udongo mwepesi kama uji. Kisha ng'ombe akaushwe kivulini kwa siku tano au zaidi. Asitupwe motoni angali na unyevu, kwa sababu maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kumpasua kwa kishindo, na vigae vyaweza kuruka machoni.

MAMBO YA KUEPUKWA

Watoto wengi hupasua betri kuukuu za redio na tochi ili wapate rangi nyeusi. Tabia hii ikomeshwe katika kila nyumba. Unga ulio ndani ya betri ni sumu. Ukiingia kinywani au kuvutwa puani hudhuru mwili, na majimaji yake huunguza ngozi na macho. Mkaa wa jikoni hutoa weusi uleule bila hatari.

Makopo ya dawa za kuulia wadudu yasifanywe gari wala ngoma, hata yakioshwa mara kumi. Kingo za bati zikunjwe kwa koleo kabla mtoto hajazishika. Shanga na vifungo viwekwe mbali na mtoto mchanga, ambaye hutia kila kitu kinywani na aweza kusongwa koo kwa dakika moja. Mwisho wa kazi kila mmoja anawe mikono kwa sabuni, hasa aliyeshika udongo.

PAHALA PA KUWEKA KAZI

Yako mambo mawili yasiyogharimu kitu, nayo ndiyo hukosekana zaidi. La kwanza ni usawa. Msichana asinyimwe kusokota kamba za mpira kwa kuwa mpira ni wa wavulana, wala mvulana asichekwe kwa kutunga uzi. Vidole havijui hukumu hizo mpaka wakubwa wavifundishe.

La pili ni pahala. Mtoto aliyefinyanga ng'ombe kwa siku mbili, kisha akamkuta amefagiliwa pamoja na takataka, hujifunza kwamba kazi yake ni takataka. Ubao mmoja juu ya mlango, au kona ya kabati, watosha. Ng'ombe huyo asimame hapo, hata akiwa na pembe moja na miguu isiyolingana. Mgeni akija, baba amwonyeshe, na amtaje aliyemfanya kwa jina lake. Mtoto atajifanya hakusikia, lakini kesho yake asubuhi atakuwa bondeni akiomba apewe udongo zaidi.