Unapomwiga Mhindi wa ofisini, mtoto anasikia

Baba mmoja wa Buhongwa hurudi jioni na daladala kutoka mjini, na kabla ugali haujaepuliwa huwa ameshaanza kumwiga mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa ofisini kwao kutoka India. Anatikisa kichwa, anakunja ulimi: "Veve bonyeza hii, iko haribika!" Watoto hucheka hadi machozi. Mama naye huongeza kwamba Wahindi ni mabahili, ila hesabu, jamani, wamezaliwa nazo.

Mwezi uliopita binti yao wa kidato cha pili alileta matokeo. Hisabati, alama 19. Baba alipofoka, binti akajibu taratibu, "Baba, si mlisema hesabu ni za Wahindi?"

Wazazi wakatazamana. Lile neno la ubahili kila mtu anajua ni baya. Hii nyingine ilionekana sifa, kumbe ndiyo iliyomwingia mtoto.

Huko India kwenyewe hakuna anayepewa hesabu bure. Kila mwaka vijana zaidi ya milioni moja hufanya mtihani wa kugombea vyuo vya uhandisi, na nafasi za vile vyuo maarufu vya IIT hazifiki 20,000. Wengi hukesha miaka miwili wakijiandaa, na wengi hukosa. Kimojawapo, IIT Madras, kilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, na binti wa Buhongwa akifaulu usaili anaingia.

Kuna jingine ambalo baba hakuwahi kulisema mezani. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa Mtanzania kurithi ujuzi wa mgeni. Katika ofisi ile, aliyepangwa kurithi ni yeye. Miezi minane imepita, vichekesho anavyo vingi, lakini kuhusu mfumo hajauliza swali hata moja.

Jumatatu alivuta kiti karibu na yule mtaalamu, akamwuliza alijifunzaje. Mwenzake akafunguka: mtihani wa kwanza alifeli, akarudia mwaka mzima huku mama yake akiuza mboga. Sasa kila usiku anasoma Kiswahili kwenye simu, maana ameona ofisini akifungua mdomo tu, watu wanacheka.