Pumu: pampu ya buluu peke yake ni nusu tiba

Mara nyingi mgonjwa wa pumu akifika zahanati husikilizwa kifua, hupewa pampu ya buluu, akaenda zake. Nasema hiyo ni nusu tiba. Pampu hiyo hufungua njia ya hewa, lakini uvimbe ulio ndani hauondoi. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi itumiwe peke yake.

Uvimbe hupimika. Ipo mashine ya kupuliza inayopima naitriki oksaidi: kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni huashiria uvimbe wa mzio. Mashine ni ghali, ila kipimo cha kawaida cha damu huhesabu eosinofili, japo minyoo nayo huzipandisha. Kaunti zetu zianzie hapo, na pampu ya steroidi isikosekane zahanati.