Jani Zima Halijawahi Kuwa Safi

"Mdogo wangu, umechafua tena." Fundi wa maabara alikishika kisahani changu kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Juu ya agari kulikuwa na vipande vya jani la mkakao, na kwenye kingo zake zilizokatwa zilikuwa zimechomoza nyuzi za kuvu, nyeupe na kijivu.

Nilirudia. Nilichuma jani lisilo na doa, nikaliosha, nikalitumbukiza kwenye spiriti, kisha kwenye jiki iliyozimuliwa, kisha nikalisuuza kwa maji yaliyotakaswa. Safari hii, kabla ya kulikata, nililigandamiza juu ya agari ya kisahani cha pili, nikaliondoa. Kama kuvu walikuwa wamebaki juu ya jani, wangeota hapo. Wiki ilipita. Kisahani cha pili kilikuwa kitupu, lakini vipande viliota kuvu kama mwanzo. Sikuwa nimechafua kitu. Kuvu walikuwa wakiishi ndani ya jani, na jani lilikuwa na afya njema.

Nimekulia Kyela, ambako ada yangu ya shule ilitoka kwenye kakao. Tangu shule ya msingi nimejibu swali lilelile: taja magonjwa yanayosababishwa na kuvu. Hakuna mtihani ulioniuliza nitaje magonjwa yanayozuiwa na kuvu. Huo ni ukweli nusu, na nusu iliyoachwa inamgharimu mkulima.

Nusu hiyo si siri. Mwaka 2003 Elizabeth Arnold na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Panama kwa miche ya mkakao. Jani la mkakao huchipua likiwa halina kuvu ndani. Mbegu za kuvu huletwa na hewa na mvua, zikaota na kupenya, na baada ya wiki chache jani huwa limejaa wakazi. Watafiti walikuza miche bila wakazi hao, wakawaingiza kwenye baadhi ya majani na kuyaacha mengine ya mche uleule matupu. Kisha wakaleta Phytophthora, jamii ya vimelea inayoozesha maganda ya kakao yakawa meusi. Majani matupu yalikufa kwa wingi zaidi, na yaliyosalia yalikuwa na vidonda vikubwa zaidi. Usafi ndio uliowaponza.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba mmoja wa wakazi hao, Colletotrichum tropicale, huuamsha mkakao wenyewe: jeni zake za kujikinga hufanya kazi zaidi. Sasa angalia jina hilo. Colletotrichum kahawae, wa ukoo huohuo, ndiye anayeozesha matunda mabichi ya kahawa, ugonjwa ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1922. Ndugu mmoja mwizi, mwingine mlinzi. Sisi tumewahukumu wote kwa jina la ukoo.

Najua nitakavyojibiwa: huyu msomi hajawahi kuona shamba linaoza. Nimeliona. Nimemwona bibi yangu akipasua ganda jeusi, akalitupa, akapasua la pili, akalitupa, bila kusema neno. Siwezi kumwambia aache dawa asubiri hisani ya kuvu. Tena ulinzi wenyewe una mipaka. Kule Panama ulibaki zaidi kwenye majani yaliyopandikizwa, haukuenea mche mzima. Na wapo wakazi wanaougeuka mti pale unapochoka.

Ninachokataa ni dawa inayopigwa kwa kufuata kalenda, juu ya majani mazima, bila mtu kuuliza kitakachokufa ndani yake. Dawa ya ukungu haisomi majina. Ukihesabu maadui waliokufa tu, kila dawa itaonekana shujaa. Anayetaka kumuuzia bibi yangu dawa amweleze pia inawafanya nini walinzi wake. Anayetunga mtaala aandike na swali la pili. Na sisi tunaosomea fani hii kwa mikopo ya umma tuache kuita "uchafu" kila tusichokitarajia, kwa kuwa mwanafunzi anayetupa kisahani leo ndiye bwana shamba wa kesho, na atawafundisha wakulima kuogopa kilekile alichokitupa.

Daftari la maabara yetu lina safu mbili za matokeo: safi na chafu. Visahani vyangu vyote vya jani zima vimeandikwa chafu, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Nimeandika barua kuomba safu ya tatu iongezwe, ya wakazi. Bado sijajibiwa. Visahani sijavitupa.