Mishale katika daftari la mtoto

Watoto wetu wa sekondari wanaleta nyumbani daftari zilizojaa nukta na mishale. Si mchezo, ni hesabu ya relasioni.

“Ni jirani wa”: Mama Neema ni jirani wa Mama Furaha, naye Furaha ni jirani wake. Mshale unaenda na kurudi: simetriki. “Ni mama wa”: tuliyemzaa hawezi kutuzaa. Mshale haurudi kamwe: asimetriki.

Watoto wengi wanajikwaa hapa, wakidhani kila isiyo simetriki ni asimetriki. Hapana! Chukueni “ni dada wa” katika nyumba ya wasichana wawili na kaka yao. Kati ya wasichana mshale unarudi. Kutoka kwa kaka haurudi, kwani yeye si dada wa mtu. Basi relasioni hiyo si simetriki, wala si asimetriki.

Sasa tufungue daftari la mikopo la kikundi. Mama Neema amemdhamini Mama Furaha, na Furaha amemdhamini Neema. Wote wawili wakikwama, nani atalipa? Tukiamua udhamini uwe asimetriki, hilo linakatika, pamoja na mtu kujidhamini mwenyewe. Lakini angalieni: Neema kwa Furaha, Furaha kwa Riziki, Riziki kwa Neema. Hakuna mshale uliorudi, sheria imefuatwa, na bado ni duara.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, mwandishi achore mishale yote na kuifuata kwa kidole. Mtoto wa sekondari anaweza kumsaidia.